Mwalimu wa Vioo Vidogo

Mwalimu alitembea na rula. Ilikuwa rula ya mbao ya sentimita thelathini, imelika pembe, na aliichomeka mfuko wa nyuma wa suruali kama wengine wanavyochomeka kitana. Alikuwa ameshaacha kufundisha hesabu sekondari kabla sijamfahamu, lakini Bariadi nzima iliendelea kumwita Mwalimu, nami kwa miaka sita niliyofanya kazi kwake sikuwahi kumwita jina jingine. Rula ile aliitumia kupimia vioo vya simu.

Ofisi yake ilikuwa vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha kuchambulia pamba. Tulikuwa watatu: yeye, Limi, binti aliyeandika programu zenyewe, na mimi, niliyetoka redioni nikaajiriwa kuandika maneno yanayosomwa na mtumiaji. Tulitengeneza programu za simu. Moja iliwapa wakulima habari za mvua na wadudu wa pamba, nyingine ilitumiwa na shule kuwaita wazazi. Msimu wa pamba ukifika, nyuzi nyepesi zilipenya madirishani na kutua juu ya simu zilizopangwa mezani, na kila asubuhi Mwalimu alizipangusa moja moja kwa leso yake kabla hajaketi.

Kilichomshughulisha kuliko vyote ni kidirisha. Namaanisha kile kiboksi kinachojitokeza ghafla juu ya ukurasa, kikakuuliza kama una uhakika, au kikakuonya, kisha kikasubiri ubonyeze. Alisema ukurasa wa kawaida ukikatika mtu ataona, atauvuta juu asome uliobaki. Kidirisha kikikatika mtu hajui kama kuna kilichokatika. Anaona kitufe, anabonyeza, anaendelea na safari yake.

"Wewe unaona kizuri kwa sababu simu yako ni kubwa," alimwambia Limi karibu kila wiki. "Nenda kakitazame kwa mwenye kioo cha vidole vitatu."

Alikuwa na droo ya simu kumi na moja. Nyingine zilikuwa na nyufa, moja ilikuwa haisikii kidole upande wa kushoto, mbili zilikuwa za matoleo ambayo hata mafundi wa stendi waliyakataa. Kidirisha chochote kilipotengenezwa kilipita katika simu zote kumi na moja. Kitufe kikiangukia nje ya kioo hata kwenye moja tu, kazi ilirudi kwa Limi. Hakutaka kidirisha chenye vipimo vya kudumu. Alitaka kipime kwanza kioo kilichokipokea, kijipunguze au kijitanue, na maneno yakizidi nafasi, msomaji aone wazi kwamba yanaendelea chini.

Simu kumi na moja hazikumtosha. Siku za mnada na siku za gulio alizunguka akiwaomba watu simu zao, dakika moja tu, apime kioo na kuangalia wameweka maandishi ya ukubwa gani. Mtu mwenye suruali ya kupigwa pasi anayeomba simu za watu sokoni hawezi kuaminiwa haraka. Mama mmoja wa Nassa aliyekuwa akiuza dagaa alimtazama juu mpaka chini.

"Simu yangu nikupe, halafu nikukimbize na hii mimba?"

"Mayu, mimi ni mwalimu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Na walionikopa dagaa ni walimu. Vua kiatu."

Mwalimu alivua kiatu cha kulia, akakiweka juu ya gunia la dagaa, akapewa simu. Alisimama kwa mguu mmoja wa soksi akipima, akaandika namba zake kwenye daftari, akarudisha simu, akashukuru, na yule mama akampa kiatu pamoja na dagaa wa kuonja. Kwa mwezi mzima kiatu kile kilinuka. Hakuona aibu kuisimulia habari hiyo, hata mbele ya wageni kutoka Dar es Salaam.

Yeye mwenyewe alikuwa na simu ya vitufe. Tulimcheka kwa hilo. Mtu aliyejua vioo vya mkoa mzima alitembea na kitochi cha kupigia na kupokea, akisema hataki kitu cha kumrukia machoni wakati anakula. Kila mara tulipomuuliza atajuaje uchungu wa watumiaji wake ikiwa yeye si mmoja wao, alijibu kwamba daktari wa macho si lazima awe kipofu. Lilikuwa jibu la haraka na lilituridhisha. Baadaye nililifikiria sana, na sikuridhika nalo tena.

Jambo la pili lililojulikana kumhusu ni salamu. Aliyeingia ofisini na kuanza kusema shida yake bila kusalimia alirudishwa mlangoni, kwa upole, aingie upya. Aliwarudisha wateja, aliwarudisha wakaguzi, na siku moja alimrudisha ofisa wa halmashauri ambaye tulikuwa tukimhitaji kuliko yeye alivyotuhitaji. Ofisa yule alitoka, akasimama nje kidogo, akaingia tena na kusema, "Mwadila, Mwalimu," na Mwalimu akainuka kumpokea kwa mikono miwili kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

Kwake adabu haikukomea mlangoni. Aliitaka na ndani ya simu. Alisema kidirisha ni mtu anayeingia nyumbani kwa mwenye simu bila kubisha hodi, na mtu wa namna hiyo angalau asalimie. Nilipoandika maonyo mafupi aliyarefusha. Limi aliwahi kuweka neno HATARI kwa herufi nyekundu, peke yake, juu kabisa. Mwalimu akamuuliza kama angeweza kusimama mbele ya mama yake mzazi na kumwambia "hatari" kabla hajasema shikamoo. Limi alisema nyumba ikiwaka moto angeweza. Mwalimu alimjibu kuwa nyumba haiwaki moto kila siku, lakini wazee wanadharauliwa kila siku.

Nilikuwa upande wa Mwalimu. Nasema hivyo kwa sababu maneno ya kile kidirisha niliyaandika mimi.

Programu ya afya ilikuja kwa njia ya mradi mmoja uliotaka wahudumu wa afya wa vijijini waache kadi za karatasi. Mhudumu alimtembelea mjamzito, akajaza majibu, na dalili zikiwa mbaya programu ilimtolea onyo. Mradi uligawa vishikwambi vya aina moja kwa wahudumu wote, vyenye kioo kipana kama daftari. Kwa mara ya kwanza Mwalimu alikuwa na kazi ambayo kioo chake kilijulikana. Muda ulikuwa mfupi. Limi aliuliza kama tupitishe vidirisha kwenye droo kama kawaida, na Mwalimu akasema hakuna haja, kishikwambi ni kimoja, tukipimie hicho. Kwa hiyo kidirisha kilipewa vipimo vya kudumu. Kitufe cha "Nimeelewa" kilifungwa chini, maneno yakakaa katikati, na hatukuweka alama yoyote ya kuonyesha kwamba yanaendelea, maana kwenye kishikwambi yalienea yote.

Kila ziara ilipokwisha, kidirisha kilitokea: "Shikamoo mama. Pole na kazi. Tunakushukuru kwa kumtembelea mama mjamzito leo." Kama hakukuwa na tatizo, yaliishia hapo. Kama lilikuwepo, maneno hayohayo yalitangulia, kisha likafuata onyo.

Mafunzo yalifanyika Itilima kwa siku tatu. Mhudumu wa Zagayu, mjane wa miaka sitini hivi anayeitwa Mama Kulwa, ndiye aliyeuliza maswali mengi kuliko wote. Alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa kadi miaka mingi na alizijua dalili kwa kichwa. Aliuliza: akiona jambo ambalo simu haikulisema, afuate macho yake au simu? Mwalimu alimjibu kwa heshima, mbele ya watu wote, kwamba asiwe na wasiwasi, simu imefundishwa na madaktari, jambo likiwa zito simu itamwambia. Mama Kulwa alisema wabeja, yaani asante, akaketi.

Mwaka uliofuata kishikwambi chake kilianguka kikavunjika kioo. Wakati kikisubiri matengenezo, msimamizi wake alimwekea programu kwenye simu yake mwenyewe, simu ndogo ya kupangusa aliyorithi kwa mwanawe. Macho ya Mama Kulwa yalikuwa yamechoka, hivyo maandishi ya simu ile yaliwekwa makubwa kuliko yote.

Katika juma hilohilo alimtembelea binti wa jirani yake, mwenye mimba ya miezi minane. Binti alilalamikia kichwa na uso ulikuwa umevimba. Mama Kulwa alijaza yote mawili. Kidirisha kilitokea. Kwenye kioo kile, kwa herufi zile, kilionyesha shikamoo, pole na shukrani, na chini yake kitufe. Onyo lilikuwa nyuma ya kitufe, mahali ambapo asingejua kuvuta. Alibonyeza "Nimeelewa", akamwambia binti apumzike, akaenda nyumba nyingine. Siku ya pili binti alianza kutetemeka mwili mzima. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara ya mbuga ilikuwa tope jeusi, na pikipiki iliyombeba ilikwama. Alifia njiani, na mtoto akiwa tumboni.

Watu wa mradi walipofuatilia, kumbukumbu za mfumo zilisema jambo moja tu: onyo la kumpeleka kituoni siku hiyohiyo lilitolewa, na mhudumu alibonyeza kwamba ameelewa. Mama Kulwa aliapa kuwa simu ilimsalimia tu. Hakuna aliyemwamini. Aliachishwa kazi. Kijijini maneno yalikwenda mbali zaidi ya uzembe. Watu walianza kuuliza kwa nini mwanamke mwenye ujuzi wote ule alikalia onyo, na alikuwa na nini na binti yule. Kwa mjane wa umri wake, mwenye macho mekundu, maswali ya namna hiyo yanaweza kuishia vibaya, na kila aliyekulia Usukumani anajua yanavyoishia: kwa kuitwa mchawi na kukatwa mapanga. Jirani yake, mama wa marehemu, ambaye walikuwa wakilima pamoja tangu wasichana, aliacha kuitikia salamu yake.

Mwalimu alikwenda Zagayu peke yake kwa pikipiki, siku chache baada ya mazishi. Alirudi jioni, akaweka rula mezani, akaniambia nitoe simu ndogo kuliko zote kwenye droo na niweke maandishi makubwa. Nikafungua kidirisha. Tulikitazama sote watatu. Limi alianza kulia. Mwalimu akachukua rula, akapima sehemu ya maneno iliyokuwa ikionekana, akaandika kwenye daftari kama alivyoandika siku zote.

Kesho yake kabla ya saa sita kidirisha kilikuwa kimerekebishwa. Onyo lilitangulia, salamu iliondolewa, na kikawa kinapima kioo kabla ya kutokea. Tulikisambaza kwa wahudumu wote kama marekebisho madogo. Juma hilohilo mradi ulimwomba Mwalimu maelezo ya maandishi. Alinipa niyachape. Yalikuwa na sentensi moja yenye maana: mfumo ulitoa onyo kwa wakati.

Nilimuuliza kama hiyo ndiyo barua yote.

"Onyo lilitoka," alisema. "Sijaandika uongo."

Nilisema kwamba halikuonekana. Alinieleza kwa utulivu, kama anayeeleza hesabu, kwamba wahudumu mia kadhaa wanaitegemea programu ile, kwamba imeshaokoa kina mama ambao majina yao tunayo, na kwamba wakisikia simu ilinyamaza mara moja hawataiamini tena hata itakaposema kweli. Kosa limeshaondolewa. Binti hatafufuka. Niliichapa barua. Limi aliacha kazi mwisho wa mwezi na hakutoa sababu, wala hakuulizwa.

Sikumwona Mwalimu akilewa, wala akikosa usingizi, wala akibadilika kwa namna ambayo mtu wa nje angeiona. Aliendelea kupangusa simu asubuhi. Lakini nilihesabu mambo mawili. Aliacha kuomba simu za watu sokoni. Na watu walipoingia wakianza na shida zao bila salamu, aliwasikiliza.

Mimi niliondoka mwaka uliofuata, nikarudi redioni. Yeye alifunga ofisi, akahamia Ipililo kwenye shamba la ndugu zake. Tulipigiana simu wakati wa sikukuu. Kwa miaka mitatu hatukuitaja Zagayu.

Mwaka huu, mavuno ya pamba yakianza, alinipigia siku ambayo si sikukuu. Aliniambia anakwenda Zagayu na angependa niwe naye, kwa sababu nilikuwepo. Nilimkuta stendi ya Bariadi, amekonda, shingo imekuwa ndogo ndani ya kola. Alikuwa ameandika barua, nakala mbili. Ya kwanza alikuwa ameshaipeleka wilayani. Ya pili tuliikabidhi asubuhi hiyo kwa mtendaji wa kijiji, ili isomwe kwenye mkutano wa kijiji. Nilikuwa nimeisoma ndani ya gari. Safari hii ilikuwa kurasa mbili, na haikuficha kitu: vipimo, maneno niliyoyaandika, droo ambayo hatukuifungua, na kwamba Mama Kulwa alisema kweli tangu siku ya kwanza. Mtendaji aliisoma mara mbili, akaigonga muhuri, akauliza kama mwenyewe ameshaambiwa. Mwalimu akasema ndiko tunakokwenda.

Mama Kulwa alikuwa uani, akitandaza pamba kwenye turubai, peke yake. Alitutambua. Tulisalimiana kwa kirefu kama inavyotakiwa, akatutolea viti. Hakuuliza tumefuata nini. Mwalimu hakukaa. Alimweleza kwa Kisukuma, taratibu, jinsi maneno yalivyojificha nyuma ya kitufe, na kwamba kosa lilikuwa lake na la ofisi yake.

Mama Kulwa aliendelea kutenganisha pamba safi na chafu mpaka alipomaliza. Kisha mikono ikatulia.

"Kwa hiyo ilinisalimia tu," alisema.

"Ilikusalimia tu, mayu."

"Niliwaambia."

"Uliwaambia."

Alipangusa macho kwa upande wa kitenge. Alisema mama wa yule binti walimzika mwezi wa tatu, na hata akiwa kitandani alimkataza Mama Kulwa asiingie kumwona. Alisema hivyo bila kumlaumu mtu, kama habari ambayo wageni wa mbali wangependa kuijua. Halafu akamshukuru Mwalimu. Wabeja, alisema, wengine wasingerudi. Alisema mkutano ukisomewa barua hiyo atakwenda na kukaa mbele. Nilimwona Mwalimu akivuta pumzi, na nadhani kama tungeaga dakika ile, mambo yangeishia pazuri kuliko tulivyostahili.

"Na umekuja kujua lini, Mwalimu?" aliuliza Mama Kulwa. Aliuliza kwa wema, kama mtu anayeulizia safari. Alidhani ni mwezi uliopita, au juzi.

Mwalimu alinitazama.

"Siku ile nilipokuja baada ya mazishi, nikaiomba simu yako," alisema. "Niliona palepale, nikiwa nimeishika."

Nje ya ua mtu alikuwa akikata kuni, na tulimsikia akimaliza kipande na kuanza kingine. Mama Kulwa alikuwa akihesabu miaka kichwani. Mtendaji alikuwa ametusimulia mvua zile nne, nami nilizihesabu pamoja naye: ya kwanza aliyolima peke yake, ya pili wanakijiji walipovunja mlango wake, ya tatu, na hii ambayo jirani yake alikufa.

"Siku ile hakuna mtu aliyekuwa anaingia hapa," alisema. "Ulikuja wewe tu. Nilikuchinjia kuku."

"Ndiyo, mayu."

"Ukala."

"Nilikula," alisema Mwalimu.